Nguvu ya Upepo: Kutoka Kariandusi Hata Ziwa Turkana

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akiisha kuupita mji wa Gilgil, huteremka bondeni, na upande wake wa kushoto huliona ziwa la Elementaita liking'aa kama bati jipya. Upande wa kulia, chini ya magenge, yapo machimbo ya udongo mweupe kama unga. Hapo ndipo Kariandusi.

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za mahali hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mno, ambayo Dr. L. S. B. Leakey aliyavumbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Mengi yameachwa palepale yalipolala, na mgeni huweza kwenda kuyatazama. Ya pili ni huo udongo mweupe wenyewe, ambao kwa kweli si udongo bali ni maganda ya vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyoishi katika ziwa la zamani na kuzama chini vilipokufa. Lakini mkaaji wa Kariandusi analijua jambo la tatu, ambalo halikuandikwa katika kibao cha barabarani, nalo ni upepo. Asubuhi vumbi jeupe la machimbo limetulia. Ikifika saa nane za mchana huinuka na kutembea, na mama aliyeanika nguo karibu na hapo hana budi kuzifua mara ya pili.

Katika makala haya twataka kueleza upepo huo watoka wapi, nguvu zake hupimwaje, na ni kwa sababu gani nguvu hizo mahali pengine zimewasha taa za miji, na mahali pengine zimeleta ugomvi na msiba.

UPEPO WATOKA WAPI

Upepo si kitu kingine ila ni hewa iendayo, na kinachoifanya iende ni jua. Tazama majivu mepesi juu ya moto wa kuni: hupanda juu, kwa maana hewa iliyopata joto hupungua uzito na kuinuka, na hewa ya baridi huingia kutoka pembeni ili ishike mahali pake. Bonde la Ufa ni mfano wa jiko kubwa. Mashariki pana milima ya Nyandarua na uwanda wa Kinangop. Magharibi pana miinuko ya Mau. Jua likipanda, ardhi ya bondeni na miteremko yake hupata joto, hewa huinuka, na hewa nyingine huja mbio kujaza nafasi. Ndiyo sababu wavuvi wa Naivasha hupenda kutoka asubuhi na mapema, kabla ziwa halijachafuka alasiri.

Juu ya upepo huu wa kila siku hupita pepo kubwa za majira, yaani kaskazi na kusi, ambazo ndugu zetu wa pwani walizijua tangu zamani na kuziwekea nyakati za safari. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Basi mtu asidhani kwamba kuutumikisha upepo ni elimu ngeni iliyoletwa jana. Tanga la jahazi ni mtambo wa upepo, ila kazi yake ni kusukuma chombo badala ya kuzungusha gurudumu.

Nguvu ya namna hii siku hizi huitwa nishati jadidifu, maana yake ni nguvu ijirudishayo upya. Gunia la makaa likichomwa limekwisha, na mti uliotoa makaa hayo hauoti kwa siku moja. Upepo wa leo ukitumika, haupunguzi upepo wa kesho.

HESABU IFAAYO KUJULIKANA

Hewa ina uzito. Huko pwani, hewa ijazayo sanduku la mita moja kila upande hufika kilo moja na gramu 200 hivi. Kariandusi iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi zaidi, hata sanduku lile lile huwa na kilo moja tu. Kwa hiyo upepo wa mwendo mmoja una nguvu zaidi Mombasa kuliko Gilgil, na tofauti yake ni sehemu moja katika sita hivi.

Lakini uzito si jambo kubwa. Jambo kubwa ni mwendo. Watu wengi hudhani kwamba upepo ukienda mara mbili ya mwendo wake wa kwanza, nguvu zake nazo huwa mara mbili. Sivyo. Huwa mara nane. Kwa kuwa upepo wa mwendo maradufu huleta hewa maradufu kila dakika, na kila kilo ya hewa hiyo hubeba nguvu mara nne. Na mbili mara nne ni nane. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu apandaye baiskeli bila haraka, ukipita katika nafasi ya mita moja mraba huku kwetu Kariandusi, hubeba nguvu ya wati 32. Upepo wa mita 8 hubeba wati 256 katika nafasi ile ile. Na upepo ukilegea hata kufika mita 2, hubaki wati 4 tu, ambazo hazitoshi hata kukishtua kinu kilichotiwa mafuta vizuri.

Tena hakuna mashine iwezayo kuzichukua nguvu zote za upepo. Kama ingezichukua zote, hewa ingesimama nyuma ya mabawa na kuuzuia upepo mwingine usipite. Mjerumani Albert Betz alionyesha, yapata miaka 100 iliyopita, kwamba upeo wa kazi hii ni kama asilimia 59, na mashine zote zilizotengenezwa hata leo ziko chini ya kiasi hicho.

Basi mtu akija kukuuzia mashine ya upepo akasema tu kwamba shamba lako lina upepo mwingi, mwulize ni mita ngapi kwa sekunde, ulipimwa kwa muda gani, na kwa urefu gani kutoka ardhini. Akikosa jibu, funga mfuko wako.

KINU CHA KUPANDISHA MAJI

Wazee waliofanya kazi katika mashamba makubwa ya Bonde la Ufa watakumbuka magurudumu ya bati yenye mabawa mengi, yaliyosimama juu ya minara ya chuma karibu na visima. Gurudumu lilizunguka polepole, na fito ndefu ilipanda na kushuka ndani ya bomba na kuyaleta maji juu. Wingi wa mabawa ulikuwa na sababu yake: pampu iliyojaa maji ni nzito, na mabawa mengi huweza kuianzisha hata kwa upepo mdogo. Kwa kuzalisha stima mambo ni kinyume, hutakiwa mabawa machache yaendayo mbio, na ndiyo maana mashine kubwa za leo zina matatu tu. Hapa Kenya penyewe, kuanzia yapata mwaka wa 1980, karakana moja ya Thika, Bobs Harries Engineering, imeunda pampu za upepo ziitwazo Kijito, na nyingi zimesimamishwa katika nchi kavu ambako gari la kuleta dizeli hufika kwa taabu.

Tufanye hesabu ya kinu kimoja ili msomaji apate kuona kwa macho yake. Gurudumu lenye upana wa mita 6 hukinga nafasi ya mita 28 za mraba. Upepo wa mita 4 kwa sekunde huleta hapo wati 900 hivi. Tukikisia kwamba sehemu moja katika kumi ndiyo ifikayo kwenye maji, zabaki wati 90. Maji yakiwa mita 40 chini ya ardhi, nguvu hizo zitapandisha lita 800 hivi kila saa. Upepo ukivuma hivyo kwa saa 6, tangi litapata lita 4,800. Ng'ombe mmoja akinywa lita 40 au 50 kwa siku, maji hayo yatawatosha ng'ombe 100, naye mwenye shamba hakununua hata chupa moja ya dizeli.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Nimepata kuona, si mbali na Gilgil, kinu kilichosimama kimya na upepo unavuma, kwa sababu ngozi ya pampu ilikuwa imechakaa miaka mingi na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Upepo haulipiwi, lakini mashine hulipiwa, tena hutaka mafuta, na mtu wa kupanda mnara. Siku hizi wakulima wengi huchagua pampu za nguvu ya jua, ambazo bei yake imeshuka sana na hazina vyuma vingi vya kulika. Mwenye shamba apime mambo hayo yote mawili kabla ya kutoa fedha.

UPEPO KUWA STIMA

Mtu wa kwanza kujulikana kwamba aliwasha taa za nyumba yake kwa stima ya upepo alikuwa mwalimu mmoja wa Scotland, James Blyth, katika mwaka wa 1887, kijijini Marykirk. Stima ilipozidi mahitaji yake, akawaahidi majirani kwamba ataiwasha barabara ya kijiji. Walikataa, wakisema kwamba hiyo ni kazi ya shetani. Twaitaja habari hii kwa sababu wako watu wasemao kwamba kuogopa mitambo mipya ni tabia ya Waafrika. Leo katika Denmark, nchi ndogo isiyo na maporomoko ya maji, zaidi ya nusu ya stima yote hutoka katika upepo.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Bawa limeumbwa kama bawa la ndege ya angani, na upepo ukipita juu yake hulivuta upande mmoja. Mabawa huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha sumaku mbele ya waya wa shaba ndani ya jenereta. Sumaku ikipita mbele ya waya, stima huanza kwenda ndani ya waya huo. Dainamo ya baiskeli hufanya vivyo hivyo, ila yake huzungushwa na miguu ya mpanda baiskeli.

Katika Kenya kazi hii ilianza juu ya vilima vya Ngong katika mwaka wa 1993, kwa mashine mbili zilizotolewa na serikali ya Ubelgiji. Katika mwaka wa 2009 zikasimamishwa nyingine mpya, na baadaye zikaongezwa hata jumla ya nguvu ikafika megawati 25.5. Mkaaji wa Nairobi akitazama magharibi siku isiyo na ukungu, huziona zikizunguka taratibu.

Lakini mtambo mkubwa kuliko yote uko mbali kaskazini, karibu na Loiyangalani katika Wilaya ya zamani ya Marsabit, ambayo leo ni Kaunti. Huko upepo hupita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na kwenye mtambo wenyewe hubanwa tena na mlima Kulal na mlima Nyiru, kama maji ya mto yanavyobanwa katika korongo na kuongeza mbio. Wastani wa mwendo wake ni mita 11 hivi kwa sekunde. Zimesimamishwa mashine 365. Kila moja ina mnara wa mita 44 na mabawa yenye upana wa mita 52 kutoka ncha hata ncha, na zote pamoja huweza kutoa megawati 310. Mashine zilikuwa tayari katika mwaka wa 2017. Nyaya za kuichukua stima, za urefu wa kilometa 428 hata Suswa, kusini ya mlima Longonot, hazikuwa tayari. Mashine zikasimama zaidi ya mwaka mmoja katika upepo mkali kuliko wote wa nchi hii, na fedha nyingi za umma zikalipwa kwa ajili ya stima isiyowasha hata taa moja. Nyaya zilimalizika Septemba 1918? La, msomaji asicheke. Mambo ya kukawia hufanya miaka ionekane mirefu. Zilimalizika Septemba 2018, na mtambo ukafunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta Julai 2019.

Upepo wa Turkana una tabia moja ya ajabu: huvuma kwa nguvu zaidi usiku mpaka alfajiri, wakati watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Stima haiwekwi ghalani kama mahindi, isipokuwa katika betri za gharama kubwa. Kwa hiyo upepo hauwezi kufanya kazi peke yake. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao hautegemei usiku wala mchana, pamoja na maji ya mto Tana, hushika zamu upepo ukilegea. Kwa mpango huo upepo hutoa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya stima yote ya Kenya.

HABARI YA KINANGOP

Twafika sasa katika jambo lililo karibu zaidi na watu wa Kariandusi, Gilgil na Naivasha. Juu ya genge la mashariki, katika uwanda wa Kinangop, kampuni moja ilikusudia kusimamisha mashine 38 zenye jumla ya megawati 60.8. Upepo ulikuwa umepimwa na ukafaa. Fedha zilikuwa zimepatikana. Mikataba na baadhi ya wenye mashamba ilikuwa imetiwa sahihi, na kazi ilitazamiwa kuanza bila shida.

Lakini Kinangop si jangwa. Ni nchi ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, na mashamba yake ni madogo, jirani na jirani wametenganishwa na ua. Aliyekodisha kipande cha shamba lake alijua atapata nini. Aliye ng'ambo ya ua hakujua. Maneno yakaanza kuenea: kwamba watu watahamishwa, kwamba kelele za mabawa zitadhuru afya za watu na mifugo. Mengine yalikuwa uvumi, na mengine yalikuwa maswali ya haki kabisa kuhusu ardhi na malipo. Katika nchi hii, ambako babu wa mtu huyu alifukuzwa katika shamba na baba yake akalinunua kwa jasho, swali la ardhi haliulizwi kwa sauti ya chini. Maandamano yakafanywa, na mapema katika mwaka wa 2015 mtu mmoja akauawa. Mwezi wa Februari 2016 kampuni ikatangaza kwamba imeiacha kazi hiyo. Upepo wa Kinangop wavuma hata leo kama zamani, na viazi vyapandwa.

Kwa maoni yangu kosa halikuwa la wakulima peke yao, wala si la upepo. Mashine huchukua ardhi kidogo mno. Chini ya mabawa yake ng'ombe hulisha na mahindi huota. Neno hilo lingalielezwa kwa kila mwenye ua, si kwa waliotia sahihi tu, na kuelezwa kabla ya lori la kwanza kufika. Huko Loiyangalani pia ardhi imeleta mashtaka: katika mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilihukumu kwamba hati za ekari 150,000 za mtambo ule hazikutolewa kwa kufuata sheria. Kwa upande mwingine, huko Kipeto katika Kajiado, ambako mashine 60 zilianza kazi katika mwaka wa 2021, asilimia 5 ya hisa ziliwekwa kwa ajili ya wenyeji.

Kipeto pana jambo jingine lifaalo kufikiriwa na watu wa ziwa letu. Kwa kuwa tumbusi hupita angani huko, wamewekwa walinzi wa kutazama juu mchana kutwa, na ndege hao wakikaribia, mashine husimamishwa. Elementaita ina wari weupe kwa maelfu, na heroe ambao husafiri usiku, gizani, kati ya ziwa hili na Nakuru na Bogoria. Mlinzi gani atawaona? Ziwa hili limo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka wa 2011, na mtu atakayependekeza minara mirefu kando yake atapaswa kulijibu swali hilo kwanza.

KUPIMA UPEPO WAKO MWENYEWE

Mkulima atakaye kujua kama shamba lake lafaa kwa kinu kidogo, aweza kuanza bila chombo cha fedha nyingi. Majani ya miti yakinong'ona tu, upepo ni chini ya mita 3 kwa sekunde, nao haufai. Majani na vitawi vikichezacheza bila kutulia, ni mita 4 au 5, ambao watosha pampu ya maji. Vumbi na karatasi zikiinuka na matawi madogo yakiyumba, kama alasiri ya Kariandusi, ni mita 6 au 7. Miti michanga ikiyumba mizima, umepita mita 8.

Atazame saa tatu asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, na kuandika katika daftari alilolitenga kwa kazi hiyo, kwa muda wa mwaka mzima, kwa kuwa upepo wa Februari si upepo wa Juni. Asipime karibu na nyumba wala miti, kwa maana huko upepo huvunjika na kuzunguka ovyo. Mabawa ya kinu yafaa yawe juu kwa mita 9 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 100. Siku isiyo na upepo nayo iandikwe, tena iandikwe kwa uangalifu kuliko nyingine, kwa sababu hesabu ya siku za kimya zinazofuatana ndiyo itakayomwambia tangi lake la maji liwe kubwa kiasi gani.